Kazi ya Baba Yataka Mrithi

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za ukoo wa Veitch wa Uingereza, waliokuwa wakiotesha miche na kuiuza. Watu hao si wa dini yetu, lakini hekima huokotwa popote ionekanapo.

Mwanzilishi alikuwa John Veitch, mzaliwa wa Scotland, aliyekuwa akitunza bustani ya tajiri mmoja huko Devon. Mwaka 1808 alianza kitalu chake mwenyewe. Mwanawe James akaingia kazini, na mwaka 1832 wakahamia Exeter. Mwaka 1853 wakanunua kitalu kingine Chelsea, mjini London. Ikawa baba afundisha, mwana apokea.

Waliofuata nao walituma watu ng'ambo kutafuta mbegu. Mwaka 1899 walimpeleka Ernest Wilson China atafute mti wa davidia, uchanuao kama leso nyeupe. Alipofika mahali alipoelekezwa, alikuta mti umekwisha katwa na kujengewa nyumba. Hakukata tamaa, alitafuta mpaka akapata mingine. Mbegu zake zilipandwa, na ua la kwanza likaonekana kitaluni mwao mwaka 1911.

Basi tazameni mambo yalivyogeuka. Mwaka 1914 Harry Veitch, mzee asiyekuwa na mtoto, alikosa wa kumwachia kazi, akakifunga kitalu cha London. Sifa ilikuwako, aliyekosekana ni mrithi. Lakini huko Exeter, Peter Veitch alipofariki mwaka 1929, binti yake Mildred aliishika kazi mpaka ilipouzwa mwaka 1969.

Enyi wazazi, ni wangapi kwetu wenye mashamba ya minazi, useremala ama maduka, na watoto wao hawajui hata kazi huanzia wapi? Twawaachia mali, hatuwaachii ujuzi. Na mali bila ujuzi haikawii kwisha. Wala tusiwaweke kando binti zetu, kwani huenda wao ndio watakaoisimamisha nyumba.

Nanyi vijana, msiione haya kazi ya jembe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandapo mti, kila aliwacho humo na mtu, ndege ama mnyama huwa sadaka kwake. Basi kaeni na wazee wenu wakiwa hai, mwulize na kujifunza, kwani kaburi halijibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kizazi chema chenye kupokea na kuendeleza. Amin.