MPIGA PICHA NAYE APIGWE PICHA

Hebu fungueni ukurasa wa picha katika jarida letu la mwaka jana. Wanachama wamo, walimu wamo. Sasa mtafuteni katibu wetu aliyemaliza kidato cha nne. Hayumo! Ndiye aliyeshika kamera miaka yote. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Si kwamba hakujaribu. Siku ya mwisho aliazima rimoti yenye saa, akaiweka ihesabu sekunde 10, akakimbia kusimama nasi. Picha ilipotoka, ukuta wa maabara ulionekana wazi, hata nyufa zake, lakini sisi tulikuwa kama watu walio ndani ya ukungu. Ikaachwa. Wengine wakasema eti kamera ni mbovu.

Kwa maoni yangu, kamera haikuwa na kosa. Ilikuwa imeachiwa itafute fokasi yenyewe. Rimoti ilipoiamuru, ilitafuta upya, na alama ya katikati ikaangukia mwanya kati ya vichwa viwili. Ikaona ukuta, ikalenga ukuta. Kamera haijui nani ni rafiki yako.

Dawa yake ni rahisi. Kamera ikae kwenye stendi. Mwenzetu mmoja asimame mstari wa mbele, tulenge uso wake mpaka uonekane wazi. Kisha swichi iliyo kwenye lenzi itolewe AF iwekwe MF. Hapo fokasi haibadiliki tena, mradi mtu asiguse lenzi wala mstari usisogee. Tukiwa mistari mitatu, tuweke f/8 ili wa nyuma nao waonekane. Halafu rimoti iagizwe ipige picha 5, kwa sababu jameni, hakosi mmoja wa kufumba macho!

Wapo wanaosema tumlipe mpiga picha wa mjini. Pesa za chama ni za kuchapisha jarida, na chache hizo! Afadhali kila kidato kitoe wanafunzi wawili wajifunze kazi hii, na wafanye majaribio kabla ya siku yenyewe.

Wa kidato cha nne wakishafanya mtihani hatuwakusanyi tena. Yule anayetupiga picha mwaka huu ni wa kidato hicho hicho. Je, naye tumwache nje ya picha? Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini sisi wenzake tuna mikono.