AFYA YAKO: Baka Lisilouma



Upele ukiwasha, unajikuna. Jipu likiuma, unakwenda zahanati. Lakini baka lisilouma hulijali. Baka hilo huenda likawa ukoma.

Ukoma si laana wala uchawi. Unaletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Vijidudu hivi hutoka kwa mgonjwa asiyetibiwa, anapokohoa au kupiga chafya. Haviambukizi upesi. Miili ya watu wengi huvishinda. Dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kuonekana.

Baka la ukoma limepauka, au ni jekundu kuliko ngozi nyingine. Mara nyingi haliwashi. Lipime hivi. Mwenye baka afumbe macho. Sokota ncha ya pamba, uguse baka polepole. Aonyeshe kwa kidole mahali ulipogusa. Asipohisi, aende zahanati.

Kwa nini aende mapema? Ukoma huharibu mishipa ya fahamu. Mkono ukifa ganzi, mama hushika sufuria ya moto bila kujua. Mkulima hukanyaga kisiki akaendelea kulima. Kidonda huoza, na vidole hupotea. Dawa huua vijidudu, lakini hairudishi kidole.

Zamani ilitumika dawa moja, dapsoni. Vijidudu vikaizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zichanganywe. Dawa hizo ni rifampisini, klofazimini na dapsoni. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida hutibiwa miezi 6. Mwenye mengi zaidi hutibiwa miezi 12. Mara moja kwa mwezi humeza dawa mbele ya mganga. Siku nyingine humeza nyumbani. Mkojo ukiwa mwekundu, au ngozi ikizidi weusi, usiache dawa. Hiyo ni rangi ya dawa tu. Dawa hizi ni bure.

Zamani wagonjwa walitengwa makambini, kama kule Chazi, Mvomero. Leo hakuna haja. Muda mfupi baada ya kuanza dawa, mgonjwa haambukizi tena. Alale kwake, ale na watoto wake, alime shamba lake.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Ukoma umekuwa haba, nasi tumesahau sura yake. Lakini haujaisha. Na mtu mmoja akichelewa, ni vidole vyake vinavyopotea.

Ndugu wa Mgeta, Matombo na Kinole, njia za milima ya Uluguru ni ndefu. Basi siku ya kushusha ndizi au mboga sokoni, pitia zahanati. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mgongo wako huuoni. Leo jioni, kabla jua halijazama, mwombe mwenzio auangalie. Nawe uangalie wake, na wa kila mtoto.