Nambari Iliyokula Jumapili za Miaka Mitatu

Ukishamaliza chai yako, mwombe mtoto penseli na daftari. Zidisha 2 kwa 2 kwa 2, hivyo hivyo bila kuchoka, mpaka hizo 2 ziwe 67. Kisha toa 1. Ukiwa makini utapata 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21 hizo!

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alidai kuwa nambari hii ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 7 au 31. Dai hilo lilidumu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Edouard Lucas, akathibitisha kuwa si tasa hata kidogo. Lakini inagawanyika kwa ngapi? Hapo Lucas hakuwa na jibu. Alijua mama ana watoto, ila watoto wenyewe hakuwaona.

Basi Oktoba 1903, mjini New York, Profesa Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kuwa hakutamka neno. Alishika chaki, akaikokotoa nambari yetu upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa mamoja. Akarudi kitini kimya kimya, nao ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, yasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Wewe mwanafunzi, tazama jambo hili. Toa 1 kwa kila kimoja cha vigawo hivyo viwili. Kinachobaki hugawanyika kwa 67 sawasawa. Si bahati nasibu. Maadamu idadi ya zile 2 ni tasa, vigawo vya nambari za namna hii huwa hivyo daima, na kanuni hiyo humpunguzia mtafutaji jasho jingi.

Najua kuna mzazi anayenung'unika kwamba hesabu za aina hii hazinunui unga. Haya, sikiliza. Kuzidisha nambari mbili ni kazi ya dakika. Kuzirudisha zilikotoka yaweza kuwa kazi ya miaka. Tofauti hiyo ndiyo waliyoitumia Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 kuunda kufuli la kuficha ujumbe, na kufuli hilo lingali linatumika kwenye intaneti. Nambari ya Cole sasa kompyuta huivunja kufumba na kufumbua, ndiyo maana makufuli ya leo hutumia nambari za tarakimu zaidi ya 600. Mwaka 2020 wataalamu walifaulu kuvunja moja ya tarakimu 250, tena kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja.

Haya, zamu yako. Chukua 2 kumi na moja, zizidishe, utoe 1. Utapata 2,047. Ina vigawo viwili tu, ukiacha 1 na yenyewe. Nimekwisha kukudokezea njia. Jibu Jumapili ijayo.