Bustani ni ya nani?

Jamani, hebu fungueni ukurasa wowote wa mashairi ya mapenzi ya Kiswahili mhesabu maua. Mwanamke ni ua. Akipanda cheo anakuwa waridi, akishuka anakuwa tunda, na malenga mwenyewe ndiye nyuki. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na mashairi yake, na mpaka leo vijana wanatunga hivyo hivyo, nasi tunapiga makofi. Sina ugomvi na maua. Ila ua halitembei, halisemi, na mwisho wake linachumwa. Ndiyo maana nikisikia mwanamke anasifiwa kwa mambo ya bustani, huwa nauliza kwanza bustani yenyewe ni ya nani.

Hapa Moshi swali hilo halina ushairi ndani yake. Panda daladala la Marangu, Kibosho au Machame utazame vihamba: migomba, kahawa chini yake, masale mpakani. Kimila, pesa ya kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi zilikuwa za mama, azipeleke sokoni au apikie mbege. Lakini kihamba kinamwendea mtoto wa kiume, kwa sababu wa kike "ataolewa".

Sasa juzi nimemsikia binti mmoja wa sekondari akighani shairi lake hapa mjini, na halikuwa na ua hata moja. Alijiita chipukizi la mgomba. Analia kwamba anang'olewa shinani kwa mama yake, anapandwa kwenye kihamba cha wenyewe, akishika mizizi huko anaambiwa bado ni mgeni, na kule alikotoka shimo limeshafukiwa. Aliyekulia mgombani anajua kwamba hayo si mapambo. Migomba yetu haioti kwa mbegu, tunang'oa chipukizi na kulihamisha.

Kisha akaligeukia sale. Kwa Wachaga hilo ni jani la kuombea msamaha. Ukimpelekea uliyemkosea, ni vigumu sana akukatalie. Na ndilo hilo hilo linalopandwa kuonyesha mpaka. Binti akauliza (nafupisha) ni nani atakayelichuma pale mpakani linapomzuia, amletee yeye mlangoni kumwomba radhi. Ukumbi ulikuwa kimya, nadhani wengine walikuwa wanafikiria dada zao.

Rafiki yangu mmoja anasema mafumbo ni woga, angesema wazi. Sikubaliani naye. Wazi ilishasemwa sana. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika kesi ya Holaria Pastory wa kule Kagera, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume anavyoweza. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zikampa haki sawa. Na bado mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilikuwa inaitaka Tanzania ibadilishe sheria za urithi za kimila, zile zilizoandikwa mwaka 1963. Kikao cha ukoo hakisomi hukumu za Mahakama Kuu. Lakini kila mzee anayekaa pale amewahi kung'oa chipukizi kwa mikono yake.

Nilimuuliza binti baadaye wazo lilimjia wapi. Ana kaka wawili, wote wako Dar. Kila likizo anayepalilia migomba ya bibi ni yeye.