MAJI YASIYO NA KAZI SHAMBANI YARUDISHWE MTONI

Wakulima wa Mbeya na Iringa, yafaa tukumbuke ya kuwa kila mahali duniani pana vitu vya namna mbili. Viko visivyo na uhai, kama mawe, udongo, maji, hewa na joto la jua. Na viko vyenye uhai, yaani mimea, wanyama, samaki, wadudu, na vile vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huozesha majani na mavi hata yakawa chakula cha mimea. Namna hizi mbili hutegemeana. Ikiharibika moja, ya pili haisalimiki.

Mfano wa jambo hili hauko mbali. Mto Ruaha Mkuu hutoka katika milima ya Uporoto na Kipengere, ukashuka Usangu, na huko hupokea maji ya Chimala, Kimani, Mbarali, na Ndembera itokayo upande wa Iringa. Kisha maji hutulia katika kinamasi cha Ihefu. Penye njia ya kutokea, mahali paitwapo Ng'iriama, upo mwamba uliokingama kama kizingiti cha mlango. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto huendelea na safari. Yakishuka chini yake, hata kidogo, mto hukatika. Na wakati wa kiangazi jua hukausha maji mengi ya kinamasi. Basi yaingiayo yakiwa machache kuliko yakaushwayo na jua, hayafiki tena kizingitini.

Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha. Ndipo vyenye uhai hupata taabu: samaki hufa madimbwini, viboko husongamana katika maji machache na kuyachafua kwa mavi yao, na wanyama wengine huhama kutafuta pa kunywa.

Watu wengi waliwalaumu wafugaji. Katika miaka ya 2006 na 2007 mifugo iliondolewa Usangu, na mwaka 2008 Ihefu ikatiwa ndani ya hifadhi; lakini mto uliendelea kukauka. Kwa maoni yangu, mpaka wa hifadhi peke yake hauwezi kuleta maji, kwa sababu maji hukamatwa huku juu, katika mabanio yetu.

Sisemi mpunga uachwe. Mpunga umejenga nyumba na kusomesha watoto. Nisemalo ni kwamba mavuno yakiisha, mabanio mengi hubaki wazi, na maji hutapakaa katika majaruba matupu, yakakaushwa na jua bila kumfaa mtu. Wengine hujibu kwamba mama na watoto huteka maji ya kunywa katika mifereji hiyo. Jibu hilo ni la haki. Lakini maji ya kunywa ya kijiji ni kidogo mno yakilinganishwa na yale ya kufunika majaruba. Basi banio lifungwe, ikiachwa nafasi ndogo ya kutosha watu, na wanakijiji washirikiane kuchimba visima.

Nanyi mkaao milimani mnayo sehemu yenu. Mikaratusi hunywa maji mengi. Isipandwe katika mabonde ya vinyungu wala kando ya chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Matete na miti ya asili iachwe hapo, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo, na majani yake huutia kivuli hata unyevu ukadumu.

Afungaye banio lake hamfanyii tembo hisani tu. Mkulima aliye chini ya mfereji hungoja maji hayo hayo, na vivyo hivyo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo kila chama cha watumia maji na kichague mapema mtu wa kufunga banio, na siku ya kulifunga ijulikane na wote kabla mavuno hayajaanza.