Kunakili Si Kushirikiana

Muhula uliopita tuliandika programu ya kupanga alama za darasa katika somo la tarakilishi. Mwenzetu mmoja, fundi kwelikweli, alimaliza mapema. Sisi tisa tukainakili kazi yake neno kwa neno. Kumbe alikosea kuhesabu, programu ikawa inaishia kwa mwanafunzi wa pili kutoka mwisho! Yeye alisahihisha yake siku hiyo hiyo, lakini zetu zikabaki vile vile. Yangu ndiyo iliyochapishwa na kubandikwa ukutani, na msichana wa mwisho katika rejista akajikuta hana nambari. Alilia, jamani. Niliona haya.

Tangu hapo nashikilia kwamba kunakili si kushirikiana. Wakubwa wa kazi hii nao wamelijua kwa taabu. Katika Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kuna kiini kiitwacho kerneli. Hicho ndicho kinachogawa kumbukumbu na kupitisha kila ujumbe wa mtandao. Tangu 2014 mtu anaweza kuingiza kiprogramu chake humo kwa njia ya eBPF, bila kuijenga kerneli upya. Si mambo ya ng'ambo tu. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, hutumia njia hiyo kuhesabu data. Data anayotumia mama huenda simu yake inaihesabu humo humo!

Langoni yupo mkaguzi. Hupitia kiprogramu hatua kwa hatua kabla hakijaanza, na akiona kinaweza kuzunguka bila mwisho au kugusa kumbukumbu isiyo yake, hakiingii. Vyema, maana kosa humo laweza kuangusha mashine nzima. Lakini ukali huo ulikuwa na gharama. Hadi 2018 huwezi kuandika kazi ndogo mara moja ukaiita kutoka sehemu mbalimbali za kiprogramu. Mwili wake ulirudiwa kila mahali. Orodha za kuunganishwa, kila kipande kikishika mkia wa mwenzake kama mabehewa ya treni, kerneli yenyewe ilizitumia miaka mingi, lakini viprogramu hivi viliruhusiwa kuwa nazo 2023. Mwaka 2024 vikapewa uwanja wa kumbukumbu wa kujengea muundo wowote wa data. Basi hapo awali watu walifanyaje? Si walinakili tu, kama sisi.

Sasa inawezekana kuandika orodha au mti mara moja na kuutumia katika viprogramu vingi. Nionavyo mimi, vitu hivyo viwekwe pamoja, viwe na mwenyewe anayejulikana, vijaribiwe. Mtasema kosa la maktaba moja huwaumiza wote. Kweli, lakini dawa yake ni moja pia. Nakala tisa zataka waganga tisa, na sisi hatukujua hata kama tunaumwa!

Mwalimu naye anahofia wavivu. Ana haki, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo naomba chama chetu kiwe na folda moja katika maabara, kila kipande kikiwa na jina la mwandishi na tarehe ya kusahihishwa. Nimeshaweka cha kupanga alama. Kijaribuni, mkianza na yule msichana wa mwisho.