Chai ya Mponde na Maduka Yetu

Kila mwisho wa mwezi hukatwa sehemu ya mishahara yetu ikawekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, na wengi wetu hatuulizi tena habari zake mpaka siku ya kustaafu. Yafaa tuulize, kwa kuwa sehemu ya fedha hiyo imepanda milima ya Usambara ikakaa Mponde, katika kiwanda cha chai.

Habari za kiwanda hicho zajulikana na kila mtu wa Bumbuli. Mwaka 1999 kilitoka mikononi mwa Serikali. Mwaka 2013 kikafungwa kwa ugomvi baina ya wakulima na waendeshaji. Mwaka 2016 Serikali ikakitwaa, na hatimaye mfuko wetu, pamoja na ule wa Fidia kwa Wafanyakazi, ukatia mtaji ili mashine zifufuliwe. Katika miaka ile ya ukimya hasara haikuwa ya bei tu. Jani la chai haliwekwi ghalani kama mahindi: likichumwa asubuhi lataka kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo hupata joto lenyewe kwa lenyewe na kuharibika. Kwa hiyo kiwanda kikifungwa, shamba nalo limefungwa. Michai ikaachwa ikarefuka kuwa miti, na kibarua cha kuchuma kikakoma.

Mashine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mnunuzi. Sehemu kubwa ya chai ya Tanzania huuzwa nje katika magunia. Mnada wake ulikuwa Mombasa miaka mingi, na mwaka 2023 ukafunguliwa mwingine Dar es Salaam. Mnada si jambo baya, lakini bei yake hupanda na kushuka, na kazi ya kuchanganya, kupima na kufunga paketi, ambayo ingewaajiri vijana wetu, hufanywa na wengine mbali.

Twaona wenye maduka wa Lushoto, Soni, Korogwe na Tanga wangeandikiana mkataba na kiwanda: duka liahidi kuchukua kiasi kilichotajwa kila mwezi na kulipa kwa siku iliyotajwa, kiwanda kiahidi uzani wa haki na chai isiyobadilika ladha. Hatuwaombi huruma, maana biashara ya huruma haimalizi mwaka. Wao wapate bidhaa ya karibu isiyokatika. Kiwanda kijue ni watu wangapi wa kuajiri. Na mkulima ajue siku ya malipo yake. Hili la mwisho ndilo kubwa. Mkulima aliyecheleweshewa fedha mara mbili aweza kung'oa michai akapanda viazi, na mchai mpya hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa vema.

Wako watakaosema wateja wamezoea chai nyingine. Labda, lakini wateja hao ni sisi, tunywao chai ofisini kila siku saa nne. Na ikiwa chai ya Mponde haituridhishi, msimamizi wa kiwanda aambiwe wazi, asifichwe kwa adabu, kwani fedha iliyomo ni yetu.

Tungependa matawi ya Lushoto, Bumbuli na Korogwe yahesabu ni paketi ngapi hununuliwa katika ofisi zao kwa mwezi mmoja, yakampelekee Katibu hesabu hiyo kabla ya mkutano ujao, ili tuwaendeapo wenye maduka tuwe na karatasi mkononi.